Maji ya Mitume

Asubuhi ya Alhamisi Kuu, Vedasto aliamka kwenye baraza la duka la vipuri pale Karatu mjini akiwa na gambuti zake miguuni, kama kawaida. Mtu asiye na mlango havui viatu usiku. Akivua, kukicha vimeshapata mwenyewe mwingine. Na yeye mlango hakuwa nao tangu ndugu zake walipogawana shamba la baba yao kijijini Buger, yeye akiwa kibaruani Loliondo.

Masika ilikuwa imekolea. Kutwa alishusha magunia ya vitunguu kwenye tope la sokoni, na maji yakishaingia kwenye gambuti hayakuwa na pa kutokea. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imechubuka na kuoza, visigino vimepasuka magaga hadi damu. Juzi Goodness, nesi wa zahanati, aliubonyeza mguu wa kushoto, akakunja uso.

"Baba, uvimbe huu ukipanda juu ya kifundo, mguu utakatwa. Osha kwa maji ya vuguvugu kila jioni, kausha vizuri katikati ya vidole, halafu ulale miguu wazi."

"Nilale wapi, nesi?"

Goodness akageukia kabati la dawa. Akampa dawa ya kupaka. Ushauri wake ulikuwa mzuri, ila ulikuwa wa mtu mwenye beseni.

Ndiyo maana mchana ule, katekista Wilibrodi alipopita sokoni akitafuta mtu wa kujazia nafasi kati ya wanaume ambao padri huwaosha miguu kama Yesu alivyowaosha mitume, Vedasto alikubali hata kabla katekista hajamaliza kusema. Alifurahi kweli. Alishusha magunia hadi jioni huku akiliwaza beseni.

Kanisani aliketi mbele na wenzake, akavua gambuti. Harufu ikawafikia wanakwaya.

Wilibrodi akamwinamia. "Mzee, mbona hukunawa miguu?"

"Si nimeitwa kuoshwa, katekista?"

"Wenzako wote wameoga kwao, wamejipaka na mafuta. Padri anamwagia maji kidogo tu, anafuta."

Vedasto akatazama. Kweli, miguu yote iling'aa, kucha zimekatwa. Katika wote waliokuja kuoshwa, mchafu alikuwa yeye peke yake.

"Usituaibishe, mzee wangu. Mpishe mwenyekiti wa walei akae."

Akatoka kwa mlango wa kuingilia sakristia, chumba cha maandalizi ya ibada, gambuti mkononi, aibu imemjaa hadi masikioni. Mle ndani, juu ya stuli, palikuwa na jagi, beseni na taulo jeupe, tayari kwa ibada. Akatia kidole kwenye jagi. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

Alisimama kidogo akisikiliza. Kisha akaketi sakafuni, akamimina, akauzamisha mguu wa kushoto. Uliwaka moto, halafu ukatulia.

Kanisani kwaya iliimba wimbo wa kuosha miguu, ikaumaliza, ikaurudia. Mlango ukafunguka.

"Vedasto, hayo maji ni ya kuoshea miguu," Wilibrodi alisema.

"Ndiyo, katekista."

Akavuta taulo, akaanza kukausha katikati ya vidole.