Picha ya Saa Tisa

Alhamisi asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, fundi wa redio alikwenda kwa muuguzi mstaafu kununua televisheni. Ilikuwa ya zile za zamani zenye kabati la mbao na miguu minne, na tumbo la nyuma lililojaa taa za kioo kama chupa ndogo za dawa. Muuguzi alikuwa anapunguza vitu ili ahamie kwa binti yake. Aliifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akasema haijawashwa tangu mume wake aondoke, miaka thelathini na moja sasa.

"Alikwenda wapi, mama?" fundi aliuliza, huku akipima kwa macho kama itapita mlangoni.

"Ndilo nililowauliza waliokuja kumchukua. Shika huku, baba. Mguu wa mbele umelegea."

Fundi alihangaika nayo wiki tatu. Alitoa kiota cha panya, akabadilisha nyaya zilizopukutika, akazijaribu taa moja moja na kukuta mbili zimekufa. Mkewe alimwambia anajisumbua bure, kwani hakuna kituo kinachorusha tena matangazo ya mashine kama ile. Fundi alijibu kwamba anataka tu kuiona ikiwaka.

Iliwaka Jumamosi saa tisa alasiri. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda, kisha kikaleta sebule ya muuguzi kama ilivyoonekana kutoka mahali televisheni iliposimama zamani. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, na mwanamume mwenye miwani akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Sauti haikuwepo. Mke wa fundi alitazama, akasema picha imepinda kidogo kulia. Fundi akainyoosha.

Baada ya nusu saa mlango wa sebule ile ulifunguliwa. Wakaingia wanaume watatu. Wawili walisimama. Wa tatu aliketi bila kukaribishwa, akaichukua chai ya mwalimu, akakishika kikombe kwa viganja viwili na kuinywa hadi mwisho. Ushikaji ule wa kikombe fundi aliujua. Alikuwa Mwenyekiti wa mtaa, ila mwembamba na mwenye nywele.

"Zima," mkewe alinong'ona.

Alizungusha kitufe, kikagoma. Akachomoa waya ukutani. Picha haikutikisika. Mwalimu alivaa koti, akausogelea uso wa kioo kama mtu anayezima televisheni yake kabla ya kutoka, na kwa kitambo akawatazama wote wawili machoni. Kitufe kikazunguka chenyewe. Giza.

Kesho yake saa tisa yalikuwa yale yale, na keshokutwa. Fundi aliifunika kwa blanketi, mwanga ukapenya. Alianza kufunga duka mapema, na mkewe akawa anaongea kwa sauti ya chini hata akitaja chumvi. Siku ya tano alikwenda kwa muuguzi, akamwomba aichukue tena televisheni yake.

"Inaonyesha?"

"Inaonyesha, mama. Na yule wa tatu..."

"Ndiye aliyenisainia barua ya kuhama," muuguzi alisema. "Ana mwandiko mzuri."

Hakuichukua. Alianza kuja dukani kuitazama, kila siku saa tisa kasorobo, gauni limepigwa pasi. Aliketi kwenye benchi la wateja. Siku ya kwanza alisema shati lile la mumewe lilikuwa la bluu, ingawa pale rangi haionekani. Mlango wa sebule ulipokaribia kufunguliwa alijifunga mtandio na kuaga. Sehemu ile, alisema, alishaiona.

Jumanne moja Mwenyekiti alileta redio yake inayokoroma. Muuguzi alikuwa ametoka sasa hivi. Fundi alijitupa mbele ya kioo, lakini Mwenyekiti alimsogeza taratibu kwa mkono mmoja, akaketi. Alijitazama akiingia. Alijitazama akinywa chai.

"Nilikuwa kijana kweli," Mwenyekiti alisema.

Mwalimu akasogelea kioo, akamtazama. Mwenyekiti naye akamtazama, bila kupepesa macho, mpaka giza lilipoingia.

"Mtu mstaarabu. Hakutusumbua hata kidogo." Akainuka. "Sauti haina?"

"Haina, Mwenyekiti."

"Usihangaike nayo. Iache hivyo hivyo."

Tangu hapo naye akawa anakuja. Alifika muuguzi anapoaga, na siku nyingine walipishana mlangoni wakaulizana hali za magoti. Mke wa fundi alimpelekea Mwenyekiti chai, akarudi ndani upesi. Mteja aliyewahi kuikuta picha ile alisubiri iishe, kisha akaulizia pasi yake.

Mwisho wa mwezi mtaa ulikutana kumchagua Mwenyekiti. Aligombea peke yake. Katibu alipowaomba wanaomkubali wanyooshe mikono, fundi aliunyoosha wake upesi, asije akaonekana wa mwisho, akaushikilia juu mpaka bega likauma. Ndipo alipomwona muuguzi, safu ya mbele kabisa. Alikuja siku hiyo kuaga watu kabla ya kuhama. Mkono wake ulikuwa umeshainuka, umenyooka, na Mwenyekiti alikuwa anauhesabu.