Programu Iliyopewa Cheo cha Mwenye Karasha

Matiko na kundi lake walikuja asubuhi wakitaka Rhobi afukuzwe. Rhobi ni binti wa kaka yangu. Ndiye karani wa foleni kwenye karasha la Mzee Nyangwine, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapa Nyamongo. Tangu dhahabu ilipoleta watu wengi, foleni ya kusaga mawe iko kwenye kompyuta. Kila kundi la wachimbaji linaingia kwa nywila yake na kuangalia zamu, lakini kupanga zamu ni kazi ya Rhobi na mzee tu.

Sasa viroba vya mawe vya Matiko vilikuwa vimeshuka mwisho wa foleni, na vya kundi la Wangwe vimepanda juu. Haikuwa mara ya kwanza.

"Kala hongo huyu," Matiko akasema. "Na wewe baba yake mdogo unamficha."

"Nimficheje? Si huyo mbele yako?"

Rhobi hakubishana. Aliiagiza kompyuta itaje programu zote ambazo mtu yeyote akizifungua, zinafanya kazi kwa mamlaka ya mkuu wa kompyuta, yaani mzee mwenyewe. Zilikuja chache, kama ile ya kubadilisha nywila. Hizo ni za kawaida. Katikati yake ikaonekana ya kupanga foleni.

"Shikamoo tena, mzee," Rhobi akasema. "Hii nani kaipa cheo chako?"

Nyangwine akakuna kichwa. Hapa kwetu kundi lililofiwa husagiwa kwanza, likazike. "Msiba wa Magige," akasema. "Mimi na wewe tulikwenda kuzika. Nilimwambia fundi wa kompyuta aipe cheo changu, ili yeyote atakayebaki awatangulize wafiwa."

Msiba uliisha, cheo kikabaki.

"Matiko, kaa hapa," Rhobi akasema. " Ingia kwa nywila yako, upandishe viroba vyako."

Matiko alibonyeza kwa kidole kimoja kama anatoa mwiba. Viroba vikapanda juu kabisa. Akautoa mkono haraka.

"Kumbe hata mimi ni mwizi."

"Bado unajifunza," nikamwambia.

Rhobi akaipanga upya foleni ilivyostahili, Matiko kwanza na Wangwe chini yake, akaandika mstari mmoja wa kuivua programu ile cheo. Matiko akajaribu tena. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa. Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Bodaboda ikasimama nje. Wangwe akashuka, akatusalimia, akakaa kwenye kompyuta kuangalia foleni kama kawaida. Rhobi aliweka kidole mdomoni kutunyamazisha.

Wangwe alibonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Rhobi, mashine yako imeharibika. Inanikatalia kupandisha."

"Kupandisha nini, Wangwe?" Matiko akamuuliza taratibu.

Wangwe alitazama mlango, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

Mzee alimwambia abebe viroba vyake mwenyewe, kimoja kimoja, hadi mwisho wa mstari, tukimtazama. Kisha Matiko akaenda kwa Rhobi mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mama. Njoo uliwashe wewe."

Rhobi akabonyeza swichi. Karasha likanguruma, na mawe ya Matiko yakaanza kuingia.