Maji ya Bi Maftaha

Bi Maftaha alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi, aliposikia hodi ya mtu asiyeijua nyumba. Anayeijua nyumba ile hubisha dirishani, maana mlango wa mbele umevimba tangu masika na kuufungua ni kazi ya mabega. Akaiacha nazi, akaenda kuuvuta, kiuno kikimlalamikia. Nje alikuwepo Bashiru, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyezaliwa humo ndani na kusahau habari za mlango. Pembeni yake kijana mwenye futi ya chuma na ubao wa kuandikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Za Dar es Salaam?"

"Nzuri. Huyu ni Benedicto, mthamini. Amekuja kuipima nyumba, tujue iuzwe kiasi gani."

"Shikamoo, bibi," akasema Benedicto, akainama kuvua viatu.

"Ingia navyo tu, mjukuu wangu. Sakafu yenyewe imechoka kuliko mimi."

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, nyuma ya soko la Lindi, mahali ambapo kila mwenye hela siku hizi anataka kufungua duka. Aliijenga Dadi, kaka yake Bi Maftaha, baba yake Bashiru. Mawe aliyabeba Dadi. Maji aliyateka Maftaha, msichana wakati huo, kutoka kisima cha bondeni, kiangazi kizima, kichwani. Chokaa haishibi maji. Mtungi aliufukiza ubani kila jioni, kama alivyofundishwa na mama yake, maana mafundi nao walikunywa humo humo. Mchumba wake alingoja, akachoka, akaenda kuoa kijijini Milola. Nyumba ilipokwisha, Dadi alimwonyesha chumba cha uani akamwambia, "Hiki chako, mpaka tukuzike." Shahidi hakuwapo. Nani anamwitia shahidi ndugu yake wa tumbo moja?

Benedicto alipima ukumbi, akapima vyumba, akatazama boriti na mchwa wake. Halafu akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ukuta ukatoa maji.

Yalitoka taratibu, safi, yakateremka hadi sakafuni na kutafuta njia ya mlangoni. Benedicto akasogeza mguu, akagonga ukuta wa pili. Nao ukatoa.

"Bomba limepasuka?" aliuliza.

"Humu hakujawahi kupita bomba," alisema Bashiru.

Benedicto akachovya kidole, akaonja. "Hayana chumvi. Yananukia ubani."

"Ni maji yangu hayo," alisema Bi Maftaha. "Niliyateka nyumba inajengwa. Yalikandiwa chokaa."

"Yote haya, bibi?"

"Mengine bado yamo."

Benedicto alitazama karatasi yake juu hadi chini. "Hapa pana aliyejenga na mwenye hati. Aliyeteka maji hana nafasi." Akaandika: kuta zina unyevu.

"Na chumba changu umekiandika nini?"

"Cha uani? Stoo, bibi."

Bi Maftaha aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta tambara.

Bashiru alimfuata jikoni. "Shangazi, umetushushia bei."

"Mimi nimekaa nakuna nazi, Bashiru."

"Si maji yako? Yaambie basi yatulie, hata mpaka mnunuzi apite."

"Hata baba yako hayakumsikia. Aliyaambia yakauke upesi, yakakauka yalipotaka." Akalikamua lile tambara ndooni. "Baba yako alikuambia habari ya chumba?"

"Alisema mengi, shangazi, alipokuwa mgonjwa."

"Mimi aliniambia akiwa mzima."

Bashiru akaokota kipande cha nazi, akatafuna.

Mnunuzi alikuja baada ya swala ya Ijumaa, Valentini, mfanyabiashara wa korosho za Rondo. Bi Maftaha alikuwa amepiga deki tangu alfajiri na sakafu ilikuwa bado maji. Valentini akavua kofia, akakinga kiganja ukutani, akanywa. Akakinga tena.

"Kiangazi yanatoka?"

Bashiru alimtazama shangazi yake.

"Yanatoka," alisema Bi Maftaha. Uongo hakuuzoea, hata wa kukiokoa chumba chake.

"Basi huu si unyevu, hii ni mali. Mji mzima unahangaika na madumu." Akaipandisha bei mwenyewe, wakashikana mikono. Akafungua mlango wa chumba cha uani, akatazama kitanda cha kamba, kanga msumarini, msala wa kuswalia. "Na hapa panatosha kuweka simtanki la maji."

Bashiru hakuwa mtu mbaya. Siku ya kuhama alikodi bajaji, akamwinulia kitanda, na kwa shukrani akamnunulia shangazi yake ndoo mpya yenye mfuniko. Bi Maftaha akaenda kukaa kwa binti wa marehemu dada yake, huko juu mlimani, ambako bomba lipo ila maji hupita kama mgeni wa heshima, kwa taarifa.

Valentini aliziwekea kuta mifereji ya bati. Kilipoingia kiangazi, watu walipanga mstari kuanzia barazani hadi kwenye kona ya soko, na kila mtu alisema maji ya pale ni matamu, yana harufu ya nyumbani. Bi Maftaha naye alishuka na ndoo yake, akapitiliza mpaka mlangoni, kwa mazoea, akauwekea bega.

"Bibi, foleni," alisema Valentini, kwa upole.

"Samahani, baba."

Akarudi nyuma, akasimama. Zamu yake ilipofika, alitoa hela iliyofundikwa kwenye pindo la kanga, ndoo ikajaa, akainama kunusa. Ubani ulikuwemo. Wakamtwika. Shingo ikayumba kidogo, kisha ikakumbuka.

"Taratibu, bibi," Valentini alimwambia. "Usije ukayamwaga njiani, maji ghali haya."

"Sijapata kuyamwaga, mwanangu," alisema Bi Maftaha, akaanza kukipanda kilima.