Jasho Puani mwa Ndege

Fundi wa ngao ya joto alikuwa akisiriba pua ya ndege kwa mikono mitupu, uji mweusi ukimfika viwikoni na jasho likitiririkia humo humo. Glovu ziliisha tangu mkubwa wa karakana alipotangaza kubana matumizi. Mdogo wake, rubani wa ndege hiyo hiyo, alikuwa ametua jana, na mpaka sasa alikuwa bado anawaka.

Homa hakuwa nayo. Utando wa mwanga wa zambarau ulimzunguka kama chandarua, na sauti yake haikutoka nje. Mezani alichezesha midomo, mama yao akamwambia, "Tafuna kwanza, baba, ndiyo uongee." Redio ya jirani ilikata kila alipopita uani. Jirani akamwomba awe anapita wakati wa matangazo ya biashara.

Mhandisi wa karakana alimzunguka rubani mara mbili, kisha akatazama viganja vya fundi.

"Kazi ya ngao ni kuungua," alisema. "Inajimenya polepole, inaondoka na joto, rubani asiive. Kwa kasi ya ndege hii hewa yenyewe inawaka, inakuwa plazma, redio haipenyi. Kimya kidogo tumekizoea. Ila chumvi ya jasho lenu ikiungua humo, inazidisha umeme kwenye plazma, na kimya kinarefuka. Huyu kimemganda."

"Kwa hiyo nimemziba mdomo mdogo wangu?"

"Wewe na wenzako. Mnasiriba kama mnakanda unga."

Kesho yake angeruka tena, na kabla ya mlima lazima mnara wa kuongozea ndege umwambie ageukie wapi, maana upepo wa kule hauna adabu. Fundi akamshika mdogo wake mkono, wakaenda kwa mkubwa.

Mkubwa aliinua macho, akazima taa ya ofisi. "Sogea karibu na kabati, kijana, nione mafaili. Hapo hapo."

"Bosi, tunaomba glovu. Asiposikia mnara atagonga mlima."

"Mlima si anaujua? Haujahama. Glovu bajeti ijayo. Nawa mikono, dada."

Fundi akaenda kunawa. Jasho lilirudi kabla hajafunga bomba.

Kesho yake rubani alimwegemea dada yake begani kumuaga, akapanda. Fundi hakukalika. Alipanda mnarani, akashuka, akapanda tena. Mwongoza ndege alikuwa akiita na kuita, spika ikikoroma tu. Ndipo gamba la mwanga likabanduka kwenye bega la fundi, likamwangukia kiganjani, likasema kwa sauti ya mdogo wake, "Mnara, mbona kimya? Nigeukie wapi?"

"Mwambie kushoto," alisema mwongoza ndege, bila kuvua vipokea sauti vyake masikioni.

"Kushoto, mdogo wangu. Sasa hivi."

"Ungesema mapema, dada."

Gamba likazimika.

Rubani alitua salama, anawaka kuliko jana. Mkubwa alisimuliwa yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona? Kumbe glovu za nini. Kijana awe anaegemea watu kabla ya kuruka." Akaagiza ndoo ya kuhifadhia magamba, yenye kifuniko.

Fundi alirudi kwenye pua ya ndege, akatumbukiza mikono kwenye uji. Jioni alipofika nyumbani na mdogo wake, mama yao alikuwa ameshazima taa ya sebuleni.