Jiko la Mama Ukutani

Jiko la mama yangu lilitokea kwenye ukuta wa chumba cha mkutano, kubwa, likiwaka kwa mwanga wa projekta, na mteja akasema, "Hii ndiyo."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaendelea kulishika. Ukutani palikuwa na dirisha langu la chini, nililolipima mama akiwa amekaa, ili miguu yake iliyogoma isimnyime kumwona anayeingia getini. Palikuwa na mlango mpana wa kupitisha kiti chake cha magurudumu. Bosi alikuwa akieleza kwamba upana ule ni mtindo wa kisasa, wa kuleta hewa.

Nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi ile, na laptopu niliyotumia ilikuwa yao. Kununua yangu sikuweza, basi nikaigawa: akaunti moja ya kazi, nyingine ya kwangu, kila moja na neno lake la siri. Siku za kazi sikugusa ya nyumbani, na Jumapili sikugusa ya ofisi. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa wake wawili nikawaweka nyumba moja wasikutane hata jikoni. Jumapili hizo mama alikaa kando yangu akiamuru kama mwenye mali: baraza huku, choo karibu, ngazi asizione kabisa. Kiwanja kilikuwepo, alichoachiwa na baba. Kilichobaki ni Mungu kutujalia.

Kisha laptopu ikafa ghafla, nikampelekea fundi wa ofisi pamoja na maneno yote mawili ya siri. Aliifufua, na kwa wema wake akahamisha kila alichokikuta, pande zote mbili, kwenye kompyuta kuu ya ofisi ili kisije kikapotea. Nilimshukuru sana.

Mteja alipoondoka nilimfuata bosi, nikamweleza kwa adabu ile nyumba ni ya nani. Alinisikiliza hadi mwisho. Wala hakukasirika.

"Laptopu ya nani?" akauliza.

"Ya ofisi."

"Basi, ndugu yangu."

Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui. Wangu aliangua, ila kwenye banda la wenyewe. Sikuacha kazi, nani angemnunulia mama dawa? Nilipewa hata kuusimamia ujenzi, kwa kuwa, bosi alisema, hakuna aijuaye nyumba ile kama mimi.

Mama nilimficha mpaka rangi ilipokauka. Nilipomwambia hakulia. Alitaka tu akaione. Nikaazima gari la shemeji, nikaegesha ng'ambo ya barabara. Aliitazama, kidole chake kikipita hewani chumba baada ya chumba. Mke wa mteja akatoka getini, mwepesi wa miguu, akanitambua na kuja dirishani kutusalimu. Alimsifia mama jinsi nilivyowabana mafundi wasilipue kazi.

"Na ramani yake, mwanangu, aliichora nani?" mama akauliza.

"Bosi wake. Yule mtu ana kipaji, mama. Utadhani alikaa na sisi tukimweleza."

Mama akanigeukia, akangoja.

Nikasema tumechelewa, nikawasha gari.