Wawili Wasioandikwa

Usijifanye hukuona. Umepita huku na gari lako, ukawaona wanawake watatu wakiingia kichakani na jembe moja na kitenge kilichokunjwa, bila wanaume, bila turubai la msiba. Ulijua kilichokuwa ndani ya kitenge. Ukapandisha kioo.

Mwanne hakuwa na kioo cha kupandisha. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji kimoja kando ya reli, mashariki ya Tabora, na jembe hilo alikuwa amelishika mara mbili kwa ajili ya Josepha, mke wa watu hapo kijijini. Kwa hiyo Jumanne ile, Josepha alipoketi mbele ya nesi Valentino pale zahanati, Mwanne alisimama mlangoni akisikiliza.

"Mimba ya ngapi hii?" Valentino aliuliza.

Josepha alimtazama mama mkwe wake, Magreth. Magreth ndiye aliyejibu. "Ya kwanza, mwanangu."

Valentino akaandika moja kwenye kadi ya kliniki. Akapima tumbo, miezi sita na nusu, akasema mambo mazuri, arudi mwezi ujao.

Magreth hakuwa mwongo. Hapo ndipo penye sumu. Kwao mtoto aliyekufa kitovu hakijadondoka hana jina, na asiye na jina hatajwi. Kumtaja ni kumwita aje kumchukua aliye tumboni.

"Ya tatu," Mwanne akasema.

"We Mwanne! Unatuitia nini hapa?"

"Naiambia kadi. Andika, nesi. Wa kwanza alitoka na miezi saba, akalia mara moja kama paka. Wa pili hata hakulia. Nimewafukia kwa mikono hii."

Valentino alikohoa. "Shikamoo, Bi Mwanne. Lakini..."

"Marahaba. Usinilambishe asali. Andika."

"Hata nikiandika, mama hana uchungu. Ukianza mlete, tutaita gari."

"Gari lipi? Hilo lililopandishwa juu ya mawe tangu masika? Wewe kwako huezeki mpaka mvua ikulowanishe kitandani?"

Mwanne alijifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungia maandazi, na jambo hili halikuhitaji mashine kulijua: aliyejifungua kabla ya wakati mara mbili yuko hatarini kurudia. Mjini ipo sindano anayochomwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae. Ila inataka muda kabla mtoto hajatoka. Haimfai mama ambaye gari limemkwamia porini.

Njia hii ina mazoea yake. Enzi za misafara babu zetu walipita hapa na pembe za ndovu mabegani. Pembe zilihesabiwa kila kambi. Mpagazi aliyeanguka aliachwa nyasini bila kuhesabiwa, safari ikaendelea. Mwanne alisimuliwa hayo na bibi yake, na hakuyasamehe.

"Josepha, mwanangu," akasema taratibu. "Mdomo ni wako. Umezaa wangapi?"

Josepha alikunja ncha ya khanga. "Wawili," akasema. "Na wa kwanza nilimpa jina, mama. Nilimwita Xavery."

Lilikuwa jina la marehemu mume wa Magreth. Magreth akaketi kwenye benchi.

"Nesi," akasema, sauti imekauka, "si umesikia? Andika."

Valentino akafuta moja, akaandika tatu. Akaandika na barua ya rufaa.

Kesho yake Josepha alipanda treni kwenda Tabora, akafikia mtaa wa Ng'ambo kwa Ruqayya, binamu yake Mwanne. Hospitalini waliisoma kadi, wakamwambia asikae mbali nao. Siku ya tisa uchungu ukaja. Dawa ikauchelewesha, sindano ikapata siku nzima ya kufanya kazi yake. Akatoka binti wa kilo moja na nusu kasoro, wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Leo ana wiki tatu. Ananyonya kwa fujo.

Mwanne hajapumzika. Anapita nyumba kwa nyumba akizifungua kadi, na ameshakuta nne zinazosema "ya kwanza" huku yeye anajua kichaka kilipo.

Na mtaani kwako je? Yupo mjamzito, unamfahamu. Inuka umfuate sasa hivi. Mkae pembeni, umuulize kwa upole amewazika wangapi, kisha mwende wote kliniki mkaandikishe. Nesi akikataa, msitoke mlangoni.