Siku Mama Sindano Alipokaa Kimya

Kuna watu wanaoamka wakatafuta viatu, na kuna wanaoamka wakatafuta gazeti. Mama Sindano aliamka maoni yakiwa tayari kinywani. Gazeti alilitafuta baadaye, apate wa kumlaumu.

Kwake hakukuwa na habari ndogo. Wataalamu wakitangaza kwamba kulala mchana kunarefusha maisha, yeye alitaka kujua hao wataalamu wakilala wanamwachia nani watoto. Mtu akisema mvaa miwani ana akili, alimjibu kuwa miwani ni ushahidi wa macho mabovu, akili ikaulizwe kwingine. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na redio yake ndogo ilikaa kwenye rafu katikati ya makopo ya vifungo. Kila asubuhi saa mbili, kipindi cha Sema Tukusikie kilipofungua simu, aliacha kukanyaga cherehani, akachomoa pini alizobana midomoni, akaanza kupiga. Kupata laini kulikuwa kazi, maana wapigaji walikuwa wengi na simu ya studio moja, lakini yeye alikuwa na kidole kisichochoka. Katika dunia nzima, pini zile tu ndizo zilizowahi kumnyamazisha.

Jina lenyewe la Mama Sindano alipewa na mtangazaji, kwa ajili ya kauli yake: "Sindano haina pande mbili, mwanangu, ina ncha. Na mimi nakwenda kwenye ncha." Basi akishakwenda kwenye ncha, haikupita dakika tano kabla ya kuingia simu ya mwanamume mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, mkaguzi wa mizani za sokoni, aliyejulikana hewani kama Bwana Mizani. "Tupime pande zote mbili," angeanza, kwa upole wa kuudhi. Angepima weee, na mwisho wa kupima, mizani ingelalia upande usio wa Mama Sindano.

Walipigana hivyo miaka mitatu bila kuonana. Wiki za karibuni ugomvi ulikuwa wa foleni: je, ni haki mtu kumshikia mwenzake nafasi? Mama Sindano alisema ni haki, tena ni utu. Mama akitoka kidogo kumnyonyesha mtoto, kwani nafasi yake nayo inanyonya? Bwana Mizani akajibu kwa maneno manne tu: "Mwili haupo, nafasi haipo." Siku hiyo Mama Sindano alishona mkono wa shati kwenye ukosi, kwa hasira, na ikambidi afumue kazi ya asubuhi nzima.

Lakini usidhani alimchukia. Marehemu mume wake alikuwa mbishi wa kutupwa. Walianza kubishana kwenye chai na kumalizia wakati wa kuzima taa, na nyumba ilichangamka. Alipofariki, watu walianza kumkubalia Mama Sindano kila alilosema, kwa kumhurumia. Hakuna kitu kilichomuuma kama kukubaliwa. Ndipo siku moja redio ikatoa sauti ya kukwaruza ikisema, "Namheshimu sana huyo mama, lakini amekosea," na yeye akacheka peke yake mpaka uzi ukakatika.

Sasa, Ijumaa moja jioni, binti yake wa pekee, muuguzi, aliingia chumba cha kushonea akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, kesho wazazi wa mwenzangu wanakuja. Nakuomba kitu kimoja tu."

"Keki nimeshaoka."

"Si keki. Kesho usiwe na maoni."

Mama Sindano alitaka kutoa maoni kuhusu ombi hilo. Akajizuia, maana alijua limetoka wapi. Miaka miwili nyuma alikuja mchumba mwingine na baba yake, mzee mwenye kitambi cha heshima, aliyejipapasa tumbo akisema hiyo ni dalili ya mtu aliyefanikiwa. Mama Sindano akamwambia hiyo ni dalili ya mtu aliyekaa. Mzee akasimama kuonyesha kwamba anaweza kusimama, akapitiliza hadi mlangoni, na uchumba ukaenda naye.

"Huyu wa sasa nampenda, mama," binti alisema, na machozi yakamlenga. "Ukiniharibia tena, sijui."

"Sitafungua mdomo," mama alisema. "Naapa kwa cherehani yangu."

Alianza kutimiza kiapo kesho yake asubuhi, kwa mazoezi. Hakupiga simu. Alisikiliza tu, pini zikiwa mdomoni, na Mungu naye ana utani wake: mada ya siku ilikuwa, je, mtu mkimya ndiye mwenye busara? Mama Sindano alikanyaga cherehani kwa mateso. Mtangazaji naye alishangaa. "Wasikilizaji, leo Mama Sindano hayupo. Na Bwana Mizani hayupo! Jamani, mko salama?" Mama Sindano akasimamisha cherehani. Bwana Mizani kukosekana? Labda anaumwa. Akajikuta anamwombea dua mtu anayemuudhi kuliko wote duniani.

Saa kumi wageni walifika. Kijana mwenyewe, fundi friji mpole, alitangulia. Mama yake, mwalimu wa chekechea, aliingia akitabasamu. Nyuma yao akaja baba, mtu mrefu aliyevaa koti zito lisilohitajika, akainamisha kichwa kusalimia, akakaa. Hakutamka hata "habari".

Kazi ya kuzungumza alipewa mdogo wake Mama Sindano, karani mstaafu, ambaye binti alimwita Mjomba na kumtegemea sana siku hiyo. Mjomba alikuwa hajawahi kusema jambo la kumuudhi mtu, wala la kumfurahisha.

"Vijana wa siku hizi," Mjomba alianza, "hawana adabu kama sisi tulivyokuwa."

Mama Sindano alimkumbuka Mjomba akiwa na miaka kumi na minne, amepanda juu ya paa la jirani, anakataa kushuka. Akajaza mdomo keki.

"Na wanaume, kwa kweli, hatuna umbea kama wanawake."

Keki ya pili. Ng'ambo ya meza, yule baba alinyakua glasi ya maji akainywa yote kwa mkupuo.

"Zamani vitu vilikuwa imara. Redio ulikuwa unanunua moja maisha yote."

Keki ya tatu, kipande kikubwa. Yule baba akajimiminia maji mengine, akanywa mpaka maji yakamchirizika kidevuni. Chini ya meza goti lake lilikuwa linaruka. Mama Sindano alimtazama kwa pembe ya jicho. Mtu gani huyu? Anakuja nyumbani kwa watu, hasemi, anakunywa tu! Dharau iliyoje. Na yule baba naye alikuwa akimtazama mwanamke anayetafuna bila kukoma, asiyewajibu wageni wake hata kwa kikohozi, na uso wake haukuwa na furaha.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulianzia jikoni. Mama Sindano alipokwenda kuongeza maji ya chai alimkuta binti ameegemea jokofu, analia bila sauti.

"Hajanipenda, mama. Baba yake hajasema neno tangu aingie. Na mama yake ameuliza kama wewe umewanunia."

"Mimi nimenyamaza kwa ajili yako!"

"Najua. Lakini sasa wanataka kuondoka."

Mama Sindano aliweka birika chini. Akisema, ataharibu. Asiposema, ndiyo kwanza anaharibu. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa la kufanya na mdomo wake, na sasa ulimkalia usoni kama kitu cha kuazima. Alirudi sebuleni, akakaa, akanyoosha mkono kwenye sahani. Keki ilikuwa imekwisha. Akatazama ng'ambo. Jagi la maji nalo lilikuwa tupu, na yule baba alikuwa analigeuza juu chini akitafuta tone.

Mwalimu wa chekechea alikuwa ameshashika mkoba wake. Mjomba akaona mambo yanamharibikia, akalichukua gazeti lililokuwa limetandikwa chini ya sahani, ili lipunguze aibu.

"Hebu sikieni habari hii," alisema. "Hospitali moja imebandika tangazo. Marufuku kushikiana nafasi kwenye foleni." Akakunja gazeti. "Mimi naona wamefanya vizuri, ingawa pia wangeweza kutofanya."

Mama Sindano alibana midomo. Alifumba macho. Alizifikiria pini zake zote, moja moja. Kisha, kutoka ng'ambo ya meza, ikapasuka sauti ya kukwaruza ambayo tangu saa kumi ilikuwa imezamishwa kwenye maji.

"Tupime pande zote mbili!"

Mwalimu wa chekechea alimpiga mumewe kofi la gotini, lakini jamaa alikuwa ameshasimama. "Samahani, mke wangu, nimeshindwa. Mwili haupo, nafasi haipo! Hospitali imesema kweli!"

Kikombe kilimtoka Mama Sindano mkononi. Hakukiangalia hata kilikoangukia.

"Sindano haina pande mbili!" alipiga kelele, makombo ya keki yakiruka. "Ina ncha! Mama akinyonyesha, nafasi yake nayo inanyonya?"

Yule baba alimkodolea macho. Alinyanyua kidole, akakishusha, akakinyanyua tena.

"Mama Sindano?"

"Bwana Mizani?"

"Hukupiga leo! Nilidhani unaumwa!"

"Wewe ndiye hukupiga! Nimekuombea dua asubuhi nzima, mtu mbaya wewe!"

"Huyu ndiye yule," mwalimu wa chekechea alimwambia Mjomba kwa sauti ya mtu aliyechoka muda mrefu, "aliyesababisha mume wangu airushie redio kiatu." Kisha akaeleza yote, mkoba ukiwa umeshawekwa chini. Alikuwa amemwapisha mumewe asitamke neno, kwa sababu kwenye uchumba wa mtoto wao mkubwa alipima faida na hasara za bibi harusi mbele ya bibi harusi. Kijana akainama kwa aibu. Yeye na binti walikuwa wamependana mwaka mzima, kila mmoja akimficha mwenzake ile aibu ya redio nyumbani kwao, na maskini hawakujua wanaficha kipindi kimoja.

Binti aliposikia kelele alikimbia kutoka jikoni, kijiko mkononi, akijua ndiyo basi tena. Alimkuta mama yake amelalia mkono wa kiti, analia kwa kicheko, na baba mkwe mtarajiwa ameshika mbavu. Kisha wawili hao wakavuta viti karibu, wakaanza kazi. Walimaliza foleni wakaingia kwenye mada ya kulala mchana, wakatoka hapo wakaenda kwenye miwani, na njiani wakapitia kitambi. Hawakukubaliana hata kwa herufi moja. Mwalimu wa chekechea alikwenda mwenyewe jikoni kuchemsha chai ya pili, akimwambia binti, "Zoea tu, mwanangu. Siku moja utaweka pamba masikioni kama mimi, na utaishi vizuri."

Jioni ilipoingia Mjomba alikohoa. "Nami niulize kitu. Hawa watoto je?"

"Waoane," alisema Mama Sindano.

"Waoane," alisema Bwana Mizani.

Yalitoka kwa pamoja. Wote wawili wakageuka wakatazamana kwa mashaka makubwa.

"Mtangazaji asisikie haya," Bwana Mizani alinong'ona.

Wakaoana, miezi mitatu baadaye, na sherehe ilikuwa ya kelele. Sitaisimulia, maana kila mtu anadhani sherehe aliyohudhuria ndiyo ilifana kuliko zote. Ninachotaka kukisimulia ni Jumatatu iliyofuata.

Mama Sindano aliamka, akaweka vikombe viwili vya chai mezani, akakumbuka, akarudisha kimoja kabatini. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akasikia saa ya ukutani, ambayo hakujua kama ina sauti. Alikaa kwenye cherehani. Akawasha redio kwa mazoea. Saa mbili ilifika, mtangazaji akafungua simu, mada ikiwa sijui nini, hakuisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu mume wake afariki, hakuwa na maoni. Alibana pini midomoni akaziacha hapo, na shati lililokuwa mbele yake likaanza kulowa.

"Tuna msikilizaji," redio ikasema. "Bwana Mizani! Karibu, tupime."

"Leo sipimi," ikajibu sauti ya kukwaruza. "Mimi sina la kusema. Nimepiga simu tangu saa moja na nusu ili nipate laini hii, na si yangu. Namshikia mtu nafasi."

"Unamshikia mtu nafasi? Wewe? Si ndiye uliyesema mwili haupo, nafasi haipo?"

Sauti ya kukwaruza ikakohoa, hewani, nchi nzima ikisikiliza.

"Huyu ni mkwe wangu," Bwana Mizani alisema. "Binti yake ametoka nyumbani juzi. Namba nimewapa hapo studio. Mimi nakata, mpigieni yeye, muda wangu ni wake."

Mama Sindano hakutikisika. Simu iliyokuwa juu ya meza, katikati ya chaki na mkasi, ikaanza kulia. Iliita mara tatu. Alijifuta uso kwa mkono wa shati la mteja, akachomoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, nne, akapokea.

"Mama Sindano!" mtangazaji alishangilia. "Umemsikia Bwana Mizani? Hatimaye amekukubalia!"

"Nimemsikia," alisema, na sauti ikamkatika, akaikusanya. "Na nataka ajue, huko aliko, kwamba kwanza kabisa, napinga."

"Unapinga nini, mama?"

"Bado sijajua," alisema Mama Sindano, na tayari alikuwa anacheka. "Nishikieni nafasi hapo hapo."